Ubavu wa Kibla

Kijana aliyekuja kulinunua gari alifika na orodha ya maswali kwenye simu yake. Ilikuwa siku chache baada ya arobaini ya mjomba wangu Shomari, na uani bado palikuwa na majivu ya meko yaliyopikiwa khitma. Aliuliza kuhusu ulaji wa mafuta, kuhusu paa kama linavuja, kuhusu kutu. Aligonga bodi kwa kifundo cha kidole kama mtu anayebisha hodi. Akataka kujua kwa nini limeegeshwa hivi, pua ikitazama magharibi, wakati geti liko upande mwingine na kulitoa kutahitaji kwenda mbele na nyuma mara nne au tano. Nikamwambia ndivyo mwenyewe alivyopenda. Kisha akapiga magoti ubavuni kulia, akafungua kisanduku cha chuma kilichochomelewa chini ya sakafu, akaniita. "Dada, hii betri ya pili mbona mmeitenga huku peke yake?"

Nikainama. Sikujua kama pale pana kisanduku. Ndani kulikuwa na betri iliyofungwa kwa mkanda wa raba, na juu yake swichi nyekundu ya kuzungusha, ile niliyoinunua mwenyewe nilipokuwa na miaka ishirini. Kwenye waya wake kulikuwa na kipande cha plasta ya hospitali, kimegeuka rangi ya chai, kikiwa na mwandiko wangu wa kalamu: YA NYUMBA. Swichi ile niliing'oa kwa mikono yangu mwaka uleule nilioifunga, na tangu siku ile sikuwahi kuiona tena wala kuthubutu kuiulizia. Kijana alikuwa bado anasubiri jibu. Nilimwomba anipe dakika moja, nikaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa gari, pale ambapo Bi Mwanakombo, mke wa mjomba, alikuwa akipumzishwa kabla ya kuingizwa ndani.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, nimesomea umeme wa magari, na nikaja kukaa kwa mjomba Bagamoyo nikisubiri kazi. Walinipa chumba cha pembeni, chenye dirisha dogo juu ya kabati, na ukuta kati yangu na wao ulikuwa wa mawe na chokaa lakini haukufika juu kabisa. Chini ya paa palibaki uwazi wa kupitisha hewa, na kupitia uwazi ule nilisikia nyumba nzima. Nilisikia mjomba akisoma Yasini kila baada ya alfajiri. Nilisikia mkongojo wa Bi Mwanakombo ukigusa sakafu, hatua moja ya mti na moja ya mguu, kwa sababu sukari ilikuwa imeuchukua mguu wake wa kushoto hadi chini ya goti, kisha ikageukia figo. Na kila Ijumaa, watu wakirudi msikitini, nilisikia simu. Alikuwa mdogo wake, Bi Mwanahamisi, aliyekuwa Pangani na ambaye baada ya kuanguka kisimani hakuweza tena kutoka nje ya uwanja wake. Dada wawili hawakuwa wameonana kwa miaka saba. Waliongea mambo madogomadogo: nazi zimepanda bei, jirani kaoza binti, paka kazalia kwenye kapu la nguo. Wakimaliza, Bi Mwanakombo alikuwa anaishika ile simu kifuani kwa muda kabla ya kuiweka.

Siku moja, kupitia uwazi ule, nilimsikia akisema maneno yaliyoanzisha kila kitu. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi sokoni, kwamba hataki kufa kabla hajamwona Mwanahamisi. Kusafiri kwa basi walishajaribu mwaka uliotangulia, na safari ikaishia Kiwangwa. Bi alibanwa na haja, basi halikusimama, na yaliyompata mbele ya abiria wenzake hakuyazungumza tena, ila aliapa hatapanda basi maisha yake. Teksi nayo hawezi kukaa saa saba na mguu ule. Hatimaye nikamsikia mjomba akisema, polepole, kwamba yeye kwa miaka thelathini ameendesha mabasi, amewafikisha watu wa nchi hii yote kwao, na mkewe hajamfikisha. "Basi nitakununulia nyumba iendayo," alisema. Bi akacheka, kisha akaona hacheki peke yake.

Tulianza kutafuta mara baada ya masika. Kwenye kambi moja ya wageni ufukweni, mume na mke wazee wa Kizungu walikuwa wameacha gari lao la kulala baada ya kuzunguka nalo nusu ya bara letu, wakarudi kwao kwa ndege. Lilikuwa jeupe, zuri kama jokofu jipya. Ndani mlikuwa na jiko, makochi, kabati zenye vitasa vya kubofya, bafu la kukunja. Mimi nililipenda kwa jinsi nilivyopenda kila kitu siku zile, moja kwa moja na bila kipimo. Mjomba alilizunguka mara mbili, kisha akamwendea mlinzi wa kambi akaazima kiti cha plastiki, akaniambia nikae. Yeye na mlinzi wakaninyanyua na kiti changu, wakajaribu kunipitisha mlangoni. Tukakwama. Wakajaribu kimbavumbavu, nikagonga kiwiko. Akanitua chini, akamshukuru mlinzi, na njiani akaniambia kwamba hata kama lingepitisha kiti, siku kitasa kimoja cha kubofya kikivunjika tungekiagiza kutoka Ulaya, na Bi Mwanakombo hana muda wa kusubiri mizigo ya Ulaya.

La pili lilikuwa lori dogo lenye boksi la bati nyuma, injini nzima, bei nzuri. Mjomba aliliendesha hadi nyumbani ili mwenyewe alione. Bi Mwanakombo alitolewa barazani, akaangalia sakafu ya boksi lile ilivyokuwa juu usawa wa kifua cha mumewe, akauliza atapandishwaje. Mjomba akaeleza habari ya ubao wa kuteremka na watu wanne. Bi alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu. "Shomari," alisema, "mimi si gunia la mkaa."

La tatu lilikuwa basi dogo lililokuwa la shule, la dizeli, kuukuu, rangi ya manjano imepauka. Ngazi zake zilikuwa fupi kwa ajili ya watoto, mlango wake mpana, na injini yake ya zamani isiyo na kompyuta, ambayo fundi yeyote kati ya Chalinze na Segera angeweza kuifungua kwa spana tatu. Viti vilikuwa bado vimo. Bi Mwanakombo aliingizwa na kiti chake bila kugusa fremu ya mlango, akakaa katikati, akavuta hewa puani. Sakafu ilikuwa na vipande vya chaki, ganda la pipi, na kifungo cha shati jeupe. Alikiokota kile kifungo, akakifunga kwenye pindo la kanga yake, akasema tulichukue hili. Ndivyo gari lilivyochaguliwa. Nimesoma tangu hapo namna watu wengine wanavyochagua magari ya kulala, wanapima urefu na vitanda na uwezo wa injini. Sisi tulipima kiti, ngazi, na heshima ya mtu.

Tuling'oa viti, na ua ukageuka karakana. Seremala alikuwa Fundi Mashaka, Mkwere wa Kiwangwa, mchonga milango na vitanda, mtu ambaye hajawahi kutengeneza kitu kinachotembea. Yeye na mjomba walitaniana kuanzia chai ya asubuhi. Fundi alisema watu wa mji mkongwe wanataka kulala kwenye gari kwa sababu wameuza nyumba zao zote kwa wageni. Mjomba alisema Mkwere akipewa mbao atatengeneza kitanda hata kama umeagiza mlango. Bi Mwanakombo alisikiliza yote kutoka dirishani kwake, na mara nyingine alitoa hukumu, sauti bila sura, kwamba leo Mkwere kashinda. Mchana tulikula mkekani kivulini mwa gari: wali wa nazi, kisamvu, kibua wa kukaanga. Chakula chake kilikuwa kingine, ugali wa dona kidogo na mchicha usio na chumvi, na alikuwa akitaka nimsimulie kisamvu kilivyokuwa. Nilimsimulia. Labda pale ndipo nilipoanza kuandika vitabu, ingawa sikujua. Nilijifunza kumlisha mtu kwa maneno huku najua maneno hayashibishi.

Alikuwa na sharti moja tu, na alimwita Fundi Mashaka dirishani ili amsikie mwenyewe. Alisema anajua hali yake, na anajua njia ni ndefu. Ikiwa atakufa njiani, alale anavyotakiwa kulala: kichwa mashariki, miguu magharibi, ubavu wa kulia chini, uso kibla. "Sitaki kufa nimeipa kibla mgongo," alisema. Fundi akamwambia Bi, hilo usiniambie mimi, mimi kazi yangu ni hiyo. Na kweli, katika vitanda vyote alivyowahi kutengeneza, swali lake la kwanza lilikuwa kibla iko wapi, na katika vyoo vyote vilivyojengwa mbele yake alihakikisha mtu anayekaa haielekei wala haipi mgongo. Gari lilikuwa limeegeshwa pua magharibi, kwa sababu ua ndivyo ulivyoruhusu, kwa hiyo kibla ilikuwa kulia. Akachora mstari wa chaki sakafuni, akauita upande ule ubavu wa kibla, na kuanzia siku ile ubavu wa kulia ukawa kama mihrabu. Hakuna kilichowekwa pale ila pazia na nafasi ya mswala. Choo hakiwezi kuwa mbele ya uso wa mgonjwa, jiko nalo lina masizi, gesi ina harufu. Kila kitu kikaenda kushoto: kitanda cha mninga mzito, chini yake tangi la maji, mtungi wa gesi, betri zangu mbili, nyuma yake choo, mbele yake jiko.

Umeme ulikuwa wangu. Betri moja ya kuwashia injini, nyingine ya nyumba, kwa ajili ya taa, feni, na jokofu dogo la kuhifadhia insulini. Kati yazo swichi nyekundu, ili feni ikizunguka hadi mwisho wa nguvu ya betri ya nyumba, ile ya injini ibaki nzima. Niliandika plasta, nikazifunga, nikamweleza mjomba mara mbili. Alisikiliza kama anavyosikiliza dereva mzee ambaye katika maisha yake aliiamini betri moja tu na ikamtosha. Akasema, "Nimekukabidhi, Zuhura." Sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kunikabidhi kitu kabla ya hapo.

Gari lilipokuwa tayari likaanza kutusumbua. Lilivuta kushoto. Mjomba aliacha usukani kidogo tu, pua ikaelekea mtaroni. Tulipima magurudumu, tukabadilisha tairi za kushoto zilizokuwa zikilika upande, tukaongeza jani la springi, tukanunua shokapu mpya. Kila mara lilinyooka siku mbili, kisha likarudi kulala upande kama mtu mwenye maumivu ya nyonga. Mjomba alikuwa akitambaa chini yake na tochi kuanzia asubuhi, na kupitia uwazi wa ukuta nilimsikia Bi akimuuliza, bila lawama, kama bado. Bado kidogo, alijibu. Wiki tatu tulisema bado kidogo. Miguu yake, yaani mguu wake mmoja, ulianza kuvimba.

Ndipo tukaenda Kiwangwa na Fundi Mashaka kulijaribu, na safari hii Bi mwenyewe akataka kuja, alale kitandani aone. Barabara ilikuwa bado inatengenezwa, changarawe na vumbi jekundu. Lilivuta kushoto njia nzima. Kiwangwa ulikuwa msimu wa mananasi, yamelundikwa kando ya barabara, na mjomba akanunua mananasi mia mbili ya kuwagawia majirani kwa sababu hakujua kurudi nyumbani mikono mitupu. Pakubwa palipokuwa wazi ni ubavu wa kibla, tukayapanga pale. Bi aliomba kipande, chembamba kama karatasi, akakiweka ulimini na kufumba macho. Kisha tukageuza gari kurudi, na kilomita ya kwanza haikuisha mjomba akaondoa mikono kwenye usukani. Gari lilikwenda kama uzi. Aliondoa tena, akatazama mananasi kwenye kioo, akaanza kucheka peke yake, cheko la mtu aliyepekua nyumba nzima kutafuta miwani aliyoivaa. Halikuwa na ugonjwa wowote. Tulikuwa tumelibebesha mzigo upande mmoja kwa ucha Mungu wetu.

Na katikati ya cheko lile Bi Mwanakombo, akiwa bado amelala ubavu wa kulia, akauliza kutoka nyuma: "Shomari, na sasa tulivyogeuka, kibla iko wapi?"

Fundi Mashaka, aliyekuwa amekaa juu ya mananasi, alitazama mstari wake wa chaki, akatazama dirisha, na mdomo wake ukabaki wazi. Sisi sote tulikuwa tumejenga nyumba kama nyumba zinavyojengwa, na katika miezi minne hakuna aliyekumbuka kwamba hii inakata kona. Aliyetuokoa na aibu ni yeye mwenyewe. Alisema kibla haimo ndani ya gari, iko nje, iko ilipokuwa siku zote. "Mkisimama, geuzeni gari. Pua magharibi. Mnipe ahadi hiyo tu, mengine hamisheni mnavyotaka." Mjomba akamwahidi, palepale, bila kugeuka, akimtazama kwenye kioo.

Laiti tungekuwa na mwezi mmoja. Wiki ileile hospitali ilimrudisha Bi nyumbani, na daktari, mwanamke mpole, alimweleza mjomba pembeni kwamba waliyoweza kufanya wameyafanya. Nilikuwa nimeshika mkoba wa nguo nikasikia. Mjomba akasema tunaondoka Alhamisi. Hapakuwa na muda wa kukata sakafu na kuhamisha tangi. Tulihamisha mtungi wa gesi, tukaweka maji nusu, Fundi Mashaka akapunguza mbao za jiko. Bado lililala kidogo kushoto. Na mimi, nikijiona mjuzi, nikang'oa betri ya nyumba pamoja na swichi yake, uzito wa mtoto wa miaka mitatu, nikaiacha barazani hadi fundi wa kuchomelea atakapotengeneza kisanduku cha upande wa kulia. Fundi yule aliahidi Jumamosi. Feni na jokofu nikaviunga kwenye betri ya injini, kwa muda tu. Gari likanyooka. Jioni mjomba aliniuliza jambo moja, kama umeme uko sawa. Nikamwambia uko sawa.

Tuliondoka Alhamisi baada ya adhuhuri, sisi watatu. Tulikwenda taratibu kwa sababu kila shimo lilimuumiza, na tulipofika Msata, pale barabara yetu inapokutana na ile iendayo Segera, jua lilikuwa limeshuka na Bi alikuwa hoi. Mjomba akaamua tulale katika uwanja wa malori, asubuhi tuvuke Wami na kufika Pangani kabla ya alasiri. Uwanja ulikuwa umejaa. Nafasi pekee ilikuwa kati ya matrela mawili, ya kuingilia upande mmoja tu, na gari likasimama pua mashariki, kinyume kabisa. Mjomba alimwomba radhi mkewe. Akamwambia malori huondoka alfajiri, nafasi ikipatikana tu atageuza. Bi alisema hana neno, yeye anachotaka ni upepo. Nikamwashia feni. Akalala, usingizi wa kwanza mzuri baada ya siku nyingi, na mimi nikajilaza sakafuni nikiisikiliza ile feni, nikijua inakula nini. Ningeweza kuizima. Ningeweza kumwambia mjomba. Sikuizima kwa sababu amelala, na sikumwambia kwa sababu nilikuwa nimeshasema uko sawa.

Asubuhi, kweli, malori mengi yalikuwa yametoka. Jua lilikuwa linaingia kwa kioo cha mbele, likafika hadi kwenye mguu wake. Nilipomtazama nikaona pumzi imebadilika. Ilikuwa fupi, ya juujuu, yenye vituo. Mjomba aliona pia. Alikaa kwenye usukani akazungusha ufunguo. Injini ikatoa mlio mmoja, kama ulimi unaogongwa kwenye kaakaa. Akazungusha tena. Kisha akageuka akanitazama mara moja tu. Haukuwa mtazamo wa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha barabarani kuona amefika wapi.

Nikashuka kuomba msaada. Umeme wa malori ni mara mbili ya wetu, haukufaa kuazimana. Lakini watu walikuja, madereva na utingo, wauza mahindi, mwanamke wa chai na kijiko chake mkononi, na mmoja wao, dereva wa bara mwenye msalaba shingoni, alisema ni jambo jepesi. Uwanja una mteremko hadi lami. Tulisukume moja kwa moja, litawaka lenyewe likifika chini, na msisimame tena hadi mfike. Ilikuwa kweli. Baada ya mwendo wa saa tano au sita tungekuwa Pangani. Mjomba aliingia ndani akapiga magoti kitandani, akamweleza mkewe yote mawili: tukisukuma kushuka tutaondoka sasa hivi kwa Mwanahamisi, tukisukuma kuzunguka, sijui kama tutamwahi.

Mkono wa Bi Mwanakombo ulikuwa kwenye pindo la kanga, kwenye kile kifungo cha shati.

"Nigeuze," alisema.

Mjomba alitoka akawaeleza watu. Hakuna aliyebisha. Dereva wa bara aliuliza kibla ni upande gani, akaonyeshwa, akavua koti lake akaliweka juu ya ngazi na kuegemeza bega kwenye kona ya gari. Wengine wakajipanga. Usukani wa gari lisilowaka ni mzito kama wa jiwe, na aliyeweza kuuzungusha ni mjomba peke yake, kwa hiyo yeye akakaa mbele, na mimi nikabaki nyuma na Bi. Ndivyo ilivyotokea kwamba mume wake wa miaka thelathini na mitano hakumshika mkono. Alikuwa anamgeuza. Aliitoa shahada kwa sauti kutoka kitini, akivuta usukani kwa mikono miwili, na mimi nikaipokea na kuinong'ona sikioni mwa mkewe, neno kwa neno, naye midomo yake ikafuata. Nje walikuwa wakihesabiana na kusukuma, mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele kidogo. Mwanga ulikuwa unatembea. Uliacha mguu wake, ukazunguka, ukaingia kwa madirisha ya ubavu ule tuliouacha mtupu, na kwa muda ulimjaa usoni kiasi kwamba niliona kila nywele ya nyusi zake. Kisha ukaendelea. Ukafika kioo cha nyuma, ukamtua kichwani. Mtu mmoja nje akasema hapo hapo, basi. Gari likasimama. Midomo yake ilisogea mara mbili zaidi, na mimi nikaendelea kunong'ona muda mrefu baada ya yeye kuacha, kwa kuogopa kunyamaza.

Mjomba alimfumba macho. Alitoka akawashika mikono wote, mmoja mmoja, kama anavyofanya mtu mlangoni baada ya maulidi. Ndipo wakaligeuza tena, wakalisukuma kushuka mteremkoni, likawaka palepale, tukavuka Wami tukaenda Pangani. Bi Mwanahamisi alikuwa amewekewa kiti barazani tangu asubuhi, amevaa nguo mpya. Alimpokea dada yake. Yeye ndiye aliyeongoza kumwosha, akiwa amekaa, na alizikwa kwao kabla ya magharibi. Kwa hiyo walionana, watu huniambia wakinifariji. Mimi huhesabu saa ambazo feni ilizunguka, na saa ambazo zingetosha kutufikisha akiwa na macho ya kumtazama mdogo wake.

Mwezi uliofuata nikapata kazi Dar, kisha vitabu vikanichukua. Mjomba aliishi na gari lile miaka yote iliyobaki. Alikwenda nalo Pangani kila mwaka kuzuru kaburi, na kila mwaka alinipigia simu kuuliza kama nitafuatana naye, na kila mwaka nilikuwa na shughuli. Hakuwahi kutaja betri. Nilidhani ameisahau, kuna siku nilitamani awe hakuielewa. Kumbe aliichukua pale barazani nilipoiacha, akamtafuta yule fundi wa kuchomelea, akaweka kisanduku upande uleule tuliokubaliana, akafunga swichi yangu na wala hakubandua plasta yangu. Sijui ni mwaka gani. Huenda ni wiki ileile. Huenda kila aliponipigia simu alitaka nije nione.

Nilisimama kutoka ngazini. Kijana alikuwa amekwisha kuwasha injini na kuizima, ameridhika, anafuta mikono. Akaniuliza swali la mwisho kwenye orodha yake, kama kuna tatizo lolote la kulijua kabla hajalichukua. Nikamwambia liliwahi kukataa kuwaka mara moja, Msata, lina mgonjwa ndani, kwa sababu nilitoa betri moja nikasema umeme uko sawa. Sijawahi kumwambia mtu mwingine maneno hayo. Alinitazama, akaona pengine nimemaliza kilio hivi karibuni, akalainisha sauti.

"Betri ni jambo dogo, dada."

"Ndiyo," nikamjibu. "Sasa zipo mbili."